Reli ya Korido

Binti yao aliposema kwamba Jumamosi atakuja na gari kumchukua mama yake akaishi naye, hakuna aliyempinga. Baba yake alikuwa amekaa kwenye kiti cha cherehani, kile kisicho na mgongo, anaangalia sakafu kama mtu aliyedondosha sindano. Mama yake alikuwa kitandani, mkono wa kushoto umefungwa bendeji, akaitikia kwa kichwa tu. Binti alisubiri neno. Njia nzima alikuwa amejiandaa kwa ubishi, majibu yote ameyapanga, na sasa ubishi haukuja.

Asubuhi ile mama alikuwa anatoka bafuni peke yake. Macho yalikuwa yamemzimikia taratibu, jicho moja kwanza, kisha la pili, na kwa miezi kadhaa sasa alikuwa anaijua nyumba yake kwa kiganja. Alipapasa ukuta wa korido kama kawaida yake, lakini pale penye mlango wa jikoni ukuta ulimwishia kabla hajajiandaa. Akapepesuka. Mkono ulitafuta pa kushika, ukapata sufuria ya maji yanayochemka kwenye jiko karibu na mlango. Mume wake alikuwa nje getini, anambishia mteja juu ya urefu wa suruali. Alisikia kishindo, akaacha suruali mikononi mwa mwenyewe na kukimbia, na tangu hapo hakujisamehe hata kidogo, ingawa hakuna aliyemlaumu.

Binti alieleza mipango yake yote. Wajukuu wawili wangelala kitanda kimoja ili bibi yao apate nafasi. Msichana wa kazi angekuwepo mchana kutwa. Hospitali ilikuwa karibu. Kuhusu baba hakusema kitu, na baba hakuuliza. Nyumba ya binti ilikuwa ya vyumba viwili, na watu walikuwa wamejaa humo kama njugu kwenye ganda. Mtu mwenye macho yake mazima na cherehani yake angeambiwa alale wapi? Kwa hiyo neno hilo lilibaki katikati yao, kila mmoja akilikwepa kama dimbwi barabarani.

"Mama atakuwa salama, Baba," binti alisema mlangoni. "Hilo ndilo la maana."

"Ndilo la maana," baba yake alijibu.

*

Mtaani walimwita Mzee Pindo, kwa sababu katika uzee wake alikuwa ameacha kushona nguo nzima na kubaki na kazi ya kupinda: suruali ndefu mno, mapazia, sare za shule. Mke wake peke yake ndiye aliyemwita Fundi. Alimwita hivyo tangu siku alipompelekea sketi ya kupunguza kiuno, na ndoa haikubadilisha kitu.

Binti alipoondoka, mzee alisimama mwanzo wa korido, akafumba macho, akajaribu kwenda bafuni. Aliweka kiganja ukutani kama alivyokuwa akimwona mke wake anafanya. Ukuta ulikuwa baridi na laini, hauna pa kushika. Hatua chache tu na tayari hakujua yuko wapi. Aligonga bega kwenye fremu ya mlango, akapiga kidole cha mguu kwenye ngazi ya bafu, akafumbua macho kwa hofu. Alisimama pale akiwa ameshika kidole chake, akamfikiria mke wake akipita njia hiyo kila siku, wakati mwingine anaimba.

Mke alimuuliza kutoka chumbani amegonga nini. Akasema ni mlango. Kisha akasema anafikiria kuweka reli.

"Reli?" mke aliuliza. "Na treni inapita saa ngapi?"

Alicheka mwenyewe, na mzee alifurahi kusikia kicheko hicho hata kama kilikuwa kinamcheka yeye. Alimweleza: mbao ya duara, ndefu, iliyofungwa ukutani kwa vikono vya chuma, kutoka mlango wa chumba mpaka bafuni. Mke akasema kwa upole kwamba Jumamosi si mbali, na yeye Fundi hajawahi kutoboa kitu kigumu kuliko turubai.

Hilo lilikuwa kweli. Katika nyumba hiyo kila msumari ulipigwa na mtu mwingine. Mzee Pindo alikuwa mtu wa vitambaa. Hata nyundo ilimtia wasiwasi, maana iliharibu kabla hujapata nafasi ya kufumua na kuanza upya.

*

Jirani yao alikuwa mama mmoja aliyefanya kazi ya kufunga fimbo za mapazia kwenye nyumba za watu, ndiyo maana aliitwa Mama Mapazia. Yeye na mzee walifahamiana kikazi: mzee alipinda, mama akatundika. Aliposikia habari alisema angekuja kuifunga reli mwenyewe bila maneno mengi, lakini alikuwa na jengo zima la ofisi la kumaliza kabla ya mwisho wa wiki, anaondoka alfajiri na kurudi amechoka kama punda. Jumapili angeweza. Mzee alisema Jumapili mke wake atakuwa ameshaondoka.

Mama Mapazia alimtazama. Akaingia ndani na kutoka na sanduku la plastiki. Ndani yake ilikuwemo drili yake ya zamani, ile ya kuchaji, isiyo na waya, rangi imebabuka mahali pa kushikia, pamoja na betri zake na kopo la ncha za kutobolea. Akaokota tofali nyuma ya nyumba, akaliegemeza ukutani, akamwambia mzee apige magoti.

"Hii ncha ni ya ukuta, ile ya kumetameta ni ya mbao. Ukizichanganya utalia. Hapa kuna pete, unaizungusha mpaka kwenye picha ya nyundo, ndipo inagonga huku inazunguka. Na hapa ndipo unapobonyeza."

Mzee alibonyeza. Mashine ikaruka mikononi mwake kama kuku anayechinjwa, ncha ikateleza juu ya tofali, ikachora mstari mrefu na kutoka nje. Aliiweka chini haraka, akaomba radhi, haikujulikana anamwomba mama au tofali.

"Mzee, unaishika kama mtoto wa watu," Mama Mapazia alisema. "Ishike kama yako. Mkono mmoja hapa, mwingine hapa chini. Simama sawa, uisukume kwa mwili, si kwa mikono." Akangoja ajipange. "Sasa niambie. Cherehani yako ukiikanyaga ghafla kwa nguvu zote, inakuwaje?"

"Uzi unakatika."

"Basi. Kidole chako ndio mguu. Anza polepole mpaka ikamate, ikishakamata ndipo unaiongeza."

Jambo hilo mzee alilielewa papo hapo, na lilimwingia mwilini kuliko maelezo yote ya pete na ncha. Alibonyeza kidogo, kama anavyoanza pindo kwenye kitambaa kinachoteleza. Ncha ikazunguka taratibu, ikapata mahali pake, ikakaa. Akaongeza. Tofali likaanza kutoa vumbi, na mzee akaona kitu ambacho hakukitarajia katika umri wake: shimo la duara, safi, alilolitoboa mwenyewe. Aliingiza kidole kidogo kuhakikisha.

Mama Mapazia alimwonya mambo mengine mengi. Afunike macho. Achore kwa penseli kabla ya kutoboa. Asitoboe juu wala chini ya swichi ya umeme, wala karibu na bomba la bafuni. Mzee aliitikia kila kitu, na nusu yake aliisahau kabla hajafika kwake.

*

Mbao aliinunua kwa seremala, imechongwa duara, unene wa kujaa kiganjani. Nyumbani aliilaza juu ya meza ya kukatia nguo, akaipiga msasa. Hakuamini macho yake wala vidole vyake, kwa sababu vidole vya fundi cherehani vimekufa ganzi kwa kuchomwa sindano. Alichukua kipande cha hariri kilichobaki kwenye gauni la bi harusi fulani, akakiburuta juu ya mbao toka mwanzo hadi mwisho. Pale uzi uliponasa, alipiga msasa tena. Alirudia hivyo mpaka hariri ikapita bila kunasa popote, na mchana ulikuwa umekwisha.

Kesho yake alianza kutoboa. Mke alisema hatakaa chumbani kama mgonjwa, akaomba kigoda, akawekwa mwanzo wa korido na kitambaa puani kwa ajili ya vumbi. Mzee alivaa miwani yake ya kutungia uzi, akatia alama ukutani, akabonyeza. Drili ikanguruma. Alisukuma. Ikanguruma zaidi. Alisukuma mpaka jasho likamtiririka shingoni, na ukutani hakuna kilichotokea ila alama ya kung'aa na harufu ya kuungua.

"Fundi," mke alisema baada ya muda, "inanguruma lakini haili."

Mzee aliigeuzageuza mashine. Alizungusha pete, akabadilisha ncha, akachaji betri nyingine. Mwisho, kwa bahati tu, kidole chake kiligusa kitufe kidogo cha pembeni, kikasogea, na ndipo alipokumbuka. Mama Mapazia alikuwa amesema mashine inazunguka kwenda na kurudi. Pengine alikisogeza kitufe bila kujua alipokuwa anaibeba, na muda wote huo alikuwa anatoboa kinyumenyume. Alibonyeza tena, ncha ikazama ukutani, na vumbi jeupe likamwagika juu ya viatu vyake.

"Sasa inakula," mke alisema. "Ilikuwa imesusa nini?"

"Ilikuwa haijaamua," mzee akajibu.

Walicheka wote wawili, yeye na vumbi lake, mke na kitambaa chake puani. Kazi ilikwenda. Kila ncha ilipofika mahali pagumu aliiondoa, akiogopa amefikia bomba au waya. Mashimo mengine yalipanuka kwa sababu mikono ilitetemeka, akayajaza vipande zaidi vya plastiki vya kushikilia skrubu. Jioni reli ilikuwa ukutani, imenyooka kama mstari wa chaki. Alimshika mke mkono wa kulia na kuuweka juu yake. Mke aliupitisha mkono polepole juu ya mbao ile laini, akaenda nayo kidogo, akarudi. Kisha alitafuta shavu la mume wake kwa mgongo wa bendeji, akamgusa hapo.

*

Alhamisi binti alipitia akitoka kazini, amebeba sanduku tupu la kupakia nguo za mama yake. Mama alimwambia asifungue sanduku kwanza, aje aone kitu. Sauti yake ilikuwa na furaha ambayo binti hakuwa ameisikia kwa muda mrefu. Baba alisimama kando, mikono nyuma, kama mwanafunzi anayesubiri kusahihishiwa.

Mama alishika reli na kuanza kutembea. Alitembea vizuri, kichwa juu, kuliko alivyotembea tangu ugonjwa uanze. Penye mlango wa jikoni reli iliachana, akavuka, akaipata upande wa pili. Alipofika kwenye ngazi ya bafu aliinua mguu, akaegemeza uzito wake wote kwenye mkono wa kulia.

Reli ilitoka ukutani. Haikuvunjika. Ilichomoka tu, skrubu na plastiki zake pamoja na bonge la plasta, kama jino bovu. Mama aliangukia goti na ubavu, mbao ikamwangukia begani, vumbi likamjaa nywele. Hakupiga kelele. Alisema tu, "Ah," kama mtu aliyesahau jambo.

Walimwinua pamoja, baba na binti. Goti lilikuwa limechunika, hakuna zaidi. Binti alimkalisha kitandani, akamfuta vumbi usoni kwa upindo wa gauni lake. Halafu akamgeukia baba yake. Hakupandisha sauti.

"Baba, Mama si nguo ya kujaribishia."

Binti aliyaona macho ya baba yake akajutia neno lile hapo hapo, lakini lilikuwa limeshatoka. Alipakia nguo za mama, akalipeleka sanduku kwenye gari. Akaaga akisema Jumamosi ni ile ile.

Mzee aliokota mbao, akaisimamisha kwenye kona. Akaifuta drili vumbi kwa kitambaa safi, kila mwanya, akairudisha sandukuni mwake na kuipeleka kwa Mama Mapazia. Alipoulizwa kama amemaliza, alisema ndiyo.

*

Asubuhi iliyofuata, kabla Mama Mapazia hajaondoka kwenda kazini, alisikia anaitwa kutoka dirisha la jirani. Mke wa Mzee Pindo alikuwa amesimama dirishani kwa nguo za kulalia, anaomba, kama si usumbufu, arudishiwe ile mashine. Mama Mapazia aliileta, na alipoona mashimo ukutani alielewa yote bila kuelezwa. Alimwachia mzee skrubu ndefu karibu mara mbili ya zile za kwanza, na kwenye ncha ya drili akafunga utepe mwekundu. Alisema azamishe mpaka utepe uguse ukuta, asiachie kabla, hata kama panakuwa pagumu. Pagumu ndipo panaposhika. Plasta ni nguo tu, mwili uko ndani.

Alipoondoka, mzee hakuigusa drili. Alikaa kwenye kiti chake na kushona vifungo vya shati la mtu. Mke alikuja kwa kupapasa, akakaa kitandani upande wake.

"Mbona huanzi?"

"Nianze ili iweje? Nguo zako zimeshaondoka."

"Nguo zimeondoka. Mimi nipo."

"Wewe ulikubali kwenda," mzee alisema. Hakuwa amekusudia kulisema. Sindano ilisimama. "Alipokuambia, ulikubali hapo hapo. Nikajua umechoka hapa. Na mimi sikutaka kukushika nguo usiende."

Mke aligeukia ilikotoka sauti yake.

"Unajua unavyonyata?" aliuliza. "Nikienda bafuni unanyata nyuma yangu. Nikienda jikoni unanyata. Nikisimama, unasimama, halafu unajifanya unakohoa. Unadhani sikusikii? Mimi sasa ni masikio matupu, Fundi. Wateja wanagonga geti unawaacha. Usiku silali, kwa sababu wewe hulali, unasikiliza kama nimeamka. Nilikubali ili upate kulala."

Mzee aliweka shati chini.

"Nilinyata ili usijue ninaogopa," alisema.

"Na mimi nilikubali ili usijue ninataka kubaki."

Nje watoto wa shule walikuwa wanapita wakipigiana kelele. Mzee alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena, na haikuwa safi zaidi ya mwanzo. Mke alinyoosha mkono mbele yake, kiganja juu, akiwa na hakika kwamba atapewa kitu.

"Njoo nikuonyeshe ukuta wangu," alisema.

Alitangulia yeye. Alianza kugonga korido kwa kifundo cha kidole, hatua kwa hatua, sikio karibu na rangi. Mzee alifuata na penseli. Mahali pengine paliitika kama debe tupu, na hapo mke alisema pameoza, plasta imeachana na tofali, ndipo reli ya jana ilipong'oka. Mahali pengine palikuwa kimya na pazito. Hapo alilaza kiganja akasema, "Hapa. Hapa ninapenda kupumzika, pana nguvu." Miezi yote ile aliyopita akipapasa, alikuwa ameujua ukuta huo kama mtu anavyojua mgongo wa mwenziwe. Mzee alitia alama kila alipoambiwa, hata pale ambapo macho yake yangechagua kwingine. Vikono havikuachana kwa nafasi zinazolingana, na hilo lilimuuma kidogo kama fundi, akajikaza.

Alitoboa. Vumbi jeupe lilitoka, kisha ncha ikakutana na ugumu, ile sauti ya siku ya kwanza iliyokuwa ikimwogopesha. Kidole chake kililegea.

"Usiachie," mke alisema nyuma yake. "Sauti imebadilika tu. Si chuma, chuma kingelia. Endelea."

Akaendelea, mwili wote nyuma ya mashine. Vumbi likageuka jekundu. Harufu ya chungu kipya ikajaa korido, na wote wawili waliivuta pamoja, mmoja akiona, mwingine haoni, na wote wakajua kwamba sasa wamefika kwenye tofali. Utepe mwekundu uligusa ukuta.

Walifanya hivyo siku nzima. Betri ilipoisha walikunywa maji na kungoja ijae. Mara moja mke aliomba ashike yeye. Mzee alisimama nyuma yake, akazungusha mikono yake juu ya mikono ya mke, bendeji na yote, wakabonyeza pamoja, na mke akashtuka kwa nguvu iliyompanda mpaka mabegani. Alisema sasa anaelewa kwa nini wanaume hujivuna wakishika vitu hivi. Mzee akasema yeye bado hajavuna kitu.

Mwisho, kabla ya kila mlango, mzee alibandika kifungo cha koti chini ya reli, mahali ambapo kidole kingekikuta: kimoja kwa jikoni, viwili kwa ngazi ya bafu. Hilo halikutoka kwa Mama Mapazia. Kisha akashika reli kwa mikono miwili, akakunja magoti na kujining'iniza. Ukuta haukusema kitu. Akasogea kwenye kikono kingine, akajining'iniza tena, hivyo hivyo hadi mwisho, mzee mzima mwenye mvi zilizojaa vumbi jekundu, na mke wake amekaa kwenye kigoda anamuuliza kila mara kama bado yuko hai.

*

Binti alifika Jumamosi, kama alivyosema. Aliingia amejipanga kuomba radhi kwa neno lake la Alhamisi, akaikuta reli ukutani, akasahau alichotaka kusema. Aliangalia mashimo ya zamani yaliyozibwa. Akaangalia vikono vilivyokaa ovyo ovyo, kimoja hapa, viwili pale. Baba yake hakumkaribisha ajaribu.

Binti aliweka mkoba chini. Akashika reli pale penye ngazi ya bafu, pale pale mama yake alipoanguka, akaweka uzito kidogo, kisha zaidi, kisha akavua viatu, akainua miguu yote miwili na kuning'inia kama mtoto kwenye tawi. Hakuwa mwembamba. Reli haikulia hata kidogo. Aliachia, akakaa sakafuni koridoni, akaegemeza kichwa ukutani.

"Nani alichagua mahali pa kutoboa?" aliuliza.

"Mama yako," baba alisema.

Mama alitoka chumbani. Alipita mbele yao bila kusimama, mkono wa kulia ukiteleza juu ya mbao, akagusa kifungo cha jikoni, akavuka, akagusa vile viwili, akapanda ngazi, akaingia bafuni na kufunga mlango. Walisikia maji. Walibaki vile vile, binti amekaa, baba amesimama, hakuna aliyemfuata. Mlango ulifunguliwa tena. Akarudi, sasa kiwiko cha mkono wa bendeji kikitangulia juu ya reli, taratibu zaidi, na alipofika kwenye miguu ya binti yake aliigusa kwa kidole cha mguu, akairuka.

"Umekaa njiani," alisema. "Kipofu ni mimi au wewe?"

Binti alicheka huku anafuta machozi kwa kiganja. Walizungumza sana baada ya hapo. Binti hakukubali yote. Jikoni bado kulimtia hofu, na mama mwenyewe alikiri kwamba moto si wake tena kwa sasa, aachiwe kumenya na kukata. Baba aliahidi kuwa getini hatabishana na wateja tena, na hakuna aliyemwamini. Mama Mapazia angepitia jioni. Mwisho binti alisema basi, tuone mwezi huu unavyokwenda. Akatoa lile sanduku la nguo kwenye gari, akazipanga tena kabatini mwa mama yake, moja moja, akizikunja upya zile ambazo hazikuhitaji kukunjwa.

Wakati wa kuondoka, baba alimsindikiza hadi kwenye gari. Binti alishika usukani, hakuwasha.

"Baba, bafu la kwangu linateleza sana," alisema. "Siku mkipata nafasi, njoo na hiyo mashine. Na Mama aje agonge ukuta. Ili akija kututembelea awe na pa kushika."

"Mashine si yangu," mzee alisema.

"Basi azima."

Mzee Pindo alisema ataangalia kama ana nafasi. Alisimama barabarani mpaka gari likakata kona. Aliporudi ndani alikaa kwenye kiti cha kupumzikia karibu na dirisha, akisema atanyoosha mgongo kidogo tu, na kabla mke hajamuuliza binti alisema nini, alikuwa amelala. Alilala kichwa kimeanguka nyuma, mdomo wazi, anakoroma mchana kweupe.

Mke alimsikiliza. Kisha akainuka, akaipata reli, akaenda nayo hadi chumbani, akapapasa kabati mpaka vidole vikapata shuka. Alirudi nayo begani. Alimfunika kuanzia miguu, akipima kwa kiganja ilipofika, akaivuta mpaka kifuani. Mkono wake ulikuta nywele zake bado zina vumbi. Alilipangusa kidogo kidogo, bila kumwamsha. Mtu mmoja aligonga geti na kuita Mzee Pindo, akisema amekuja kuchukua suruali yake. Mke alisogea dirishani, akamwambia kwa sauti ya chini kwamba fundi amelala, arudi kesho.